Betri za Volti 12 na Volti 24 Katika Nyumba Moja

Jua linapokuchwa mjini Lubumbashi, katika Kenya na Katuba, katika Kamalondo na Ruashi, kila jamaa hujiuliza neno moja: je, umeme utabaki usiku huu au utakatika? Mara nyingi hukatika. Mgawo wa umeme, ambao watu wa mjini huuita delestaji, umezoeleka hata watoto wadogo wanalijua jina lake. Kwa sababu hiyo watu wengi wamejitafutia njia zao wenyewe. Mmoja ameweka sahani ya jua juu ya mabati, mwingine amenunua betri ya motokaa, mwingine amepata betri mbili zilizotoka katika lori. Wanataka watoto wapate taa ya kusomea, mama apate kuhifadhi samaki wa biashara yake, na simu zipate chaji. Bidii hiyo yastahili sifa.

Lakini pamoja na bidii imeingia hatari moja ambayo wengi hawaijui. Nyumba huanza na betri ya volti 12. Mwaka wa pili au wa tatu, baba wa nyumba huongeza mtambo mkubwa zaidi, wa volti 24. Halafu siku moja mtu husema: «Kwa nini tuna mafungu mawili? Tuyaunge pamoja tupate nguvu nyingi.» Maneno hayo yafanana na hekima, kwa maana sote tumefundishwa kwamba umoja ni nguvu. Hata hivyo, fungu la volti 12 likiungwa moja kwa moja na fungu la volti 24, nyaya huweza kuwaka moto na betri kupasuka. Basi, wasomaji wapenzi, tutazame jambo hili polepole, tujue hatari yatoka wapi, na ni njia zipi zilizo salama kwa mtu mwenye mafungu mawili yasiyolingana.

Volti na ampea

Jina la volti latokana na Alessandro Volta, mtaalamu wa Kiitalia aliyezaliwa mjini Como mwaka 1745. Mwaka 1800 aliutangazia ulimwengu betri ya kwanza. Alichukua visahani vya shaba na vya zinki, akaweka kati yao vipande vya nguo vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akavipanga kimoja juu ya kingine kama sahani za chakula kabatini. Alipoongeza visahani, nguvu ya umeme iliongezeka. Sisi wa Katanga, ambao nchi yetu imejaa shaba, twaweza kufurahi kwamba madini yetu yalikuwamo katika kazi hiyo ya kwanza. Tena Volta alikuwa Mkatoliki wa kweli. Mwaka 1815 aliandika kwa mkono wake ungamo la imani yake, ili mtu yeyote asidhani kwamba elimu imemtenga na Mungu.

Ili kuelewa volti, fikirini tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Kimo cha mnara ndicho volti: mnara ukiwa mrefu, maji husukumwa kwa nguvu. Wingi wa maji yapitayo katika bomba ndio ampea. Ukubwa wa tangi ndio ampea-saa, yaani akiba iliyomo. Na kazi inayofanywa twaipata kwa kuzidisha volti kwa ampea. Jibu lake ni wati.

Betri ya motokaa, ile yenye risasi na asidi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2. Mara sita ni 12. Ikiwa imejaa na kupumzishwa, mita yaonyesha volti 12.7 hivi, ikiwa imekwisha, karibu volti 11.8. Kwa hiyo kati ya kushiba na njaa ya betri hakuna hata volti nzima moja. Mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa ndilo litakaloonyesha jinsi tofauti ya volti 12 ilivyo kubwa mno.

Mfululizo na sambamba

Betri huungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfululizo: chanya ya betri moja huungwa na hasi ya ile inayofuata. Hapo volti hujumlishwa, akiba ya ampea-saa isibadilike. Betri mbili za volti 12 zenye ampea-saa 100 kila moja zitatoa volti 24 na ampea-saa 100. Ya pili ni sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Hapo volti hubaki 12, na akiba hujumlishwa kuwa ampea-saa 200.

Pigeni hesabu. 24 mara 100 ni 2400. 12 mara 200 ni 2400 vilevile. Kumbe kupanga betri upya hakuongezi akiba hata kidogo. Anayemwambia mwenzake kwamba betri zake zitakuwa na umeme mwingi zaidi zikipangwa kuwa volti 24 anamdanganya, au amedanganywa yeye mwenyewe.

Basi kwa nini watu huchagua volti 24? Sababu ni nyaya. Mashine ya wati 600 ikilishwa kwa volti 12 yataka ampea 50. Kwa volti 24 yataka ampea 25 tu. Na joto linalopotea katika waya hukua kwa mraba wa ampea. Tuseme waya una ukinzani wa omu 0.02. Ampea 50 hupoteza humo wati 50, lakini ampea 25 hupoteza wati 12 na nusu tu, yaani robo yake. Ndiyo maana mitambo mikubwa, pamoja na malori, hutumia volti 24, na nyumba yenye taa chache na simu yatosheka na volti 12. Kila moja ina kazi yake na faida yake.

Ajali yatokeaje

Sasa tuseme mtu ameunga fungu la volti 24 sambamba na betri ya volti 12. Fungu kubwa lina volti 25.4, betri ndogo ina 12.7. Tofauti ni volti 12.7. Ukinzani wa nyaya na wa betri zenyewe ni mdogo sana. Tukiuhesabu wote kuwa omu 0.02, twagawanya 12.7 kwa 0.02, na jibu ni ampea 635. Fundi wa kuchomelea vyuma hutumia ampea 100 au 200, na chuma huyeyuka mbele ya macho yake. Waya wa kawaida wa nyumbani, wenye unene wa milimeta za mraba 2.5, wafaa kwa ampea 20 hivi. Waya huo utawaka kabla mtu hajasema neno.

Na kama waya ni mnene usiungue, hatari huhamia katika betri ndogo. Yasukumiwa umeme isioweza kuupokea. Asidi huchemka, na maji yaliyomo hugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja yaweza kuiwasha. Betri hupasuka, asidi hurukia uso na macho ya aliye karibu. Mara nyingi aliye karibu ni kijana anayemshikia fundi taa.

Wazee walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mafahali hao, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, ukiwafungia pamoja utamkuta mdogo ameumia na zizi limevunjika.

Dereva na nyumba yake ya magurudumu

Kuna kosa la pili. Hilo halina mshindo. Huua betri polepole. Ili kulielewa, twendeni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, mwendo wa kilometa zipatazo 90 kutoka Lubumbashi. Huko malori ya shaba na kobalti hupanga foleni ndefu, na madereva hulala humo siku nyingi. Katika Ulaya na Marekani jamaa nyingi husafiri kwa magari yaliyojengwa kama nyumba, yenye kitanda, jiko na taa, na wenye magari hayo hukutana na fumbo hilihili la volti 12 na volti 24. Kwetu sisi, nyumba ya magurudumu ni kichwa cha lori.

Lori lina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 katika mfululizo. Lakini redio ya dereva na chaji ya simu mara nyingi hutaka volti 12. Basi dereva huchukua nyaya mbili, akaziunga na betri moja tu kati ya zile mbili. Redio yaimba, naye hufurahi. Tuseme ametumia ampea 4 kwa saa 10: ametoa ampea-saa 40 katika betri moja, na mwenzake haikuguswa.

Asubuhi injini yawashwa. Dinamo hulisha zote mbili pamoja kwa volti 28 hivi, ikidhani zimelingana. Lakini moja ina njaa na nyingine imeshiba. Ile yenye njaa yavuta volti zake kuwa chini, labda 12.8, na iliyoshiba yabaki na zaidi ya 15, ikachemka na kukauka maji. Siku baada ya siku moja yafa kwa njaa, nyingine yafa kwa kushiba kupita kiasi. Baada ya miezi michache dereva hulalamika kwamba ameuziwa betri mbovu. Jambo lilelile hutokea nyumbani, mtu anapounga taa ya volti 12 katikati ya fungu lake la volti 24.

Mfano kutoka Inga

Je, basi haiwezekani kabisa kuunganisha volti zisizolingana? Yawezekana, na mfano wake mkubwa tunao hapahapa Katanga. Mwaka 1982 ilikamilika njia kuu ya umeme kutoka Inga, karibu na mlango wa mto Kongo, hadi Kolwezi. Urefu wake ni kilometa zipatazo 1700. Hupitisha umeme uendao upande mmoja tu, kama ule wa betri, kwa volti 500,000. Lakini mtandao wa Katanga, unaolishwa pia na maporomoko ya Mwadingusha tangu mwaka 1930, na ya Nzilo na Nseke tangu miaka ya 1950, hutumia umeme wa namna nyingine, unaogeuka mwelekeo huku na huku, kwa volti 220,000.

Wahandisi hawakuchukua waya wa Inga wakaufunga tu kwenye waya wa Katanga. Walijenga Kolwezi kituo kizima cha kubadilisha umeme. Kile kinachofika kwa tabia ya Inga hutoka kwa tabia ya Katanga, na pande zote mbili hukaa salama. Ikiwa wenye elimu na mitambo mikubwa namna hiyo waliona lazima kuweka daraja kati ya volti mbili, fundi wa mtaani asione haya kufanya vivyo hivyo.

Njia tatu zilizo salama

Njia ya kwanza ni kusawazisha. Mwenye betri nne za volti 12, zilizo za aina moja, za umri mmoja na za ukubwa mmoja, aziunge mbili mbili katika mfululizo, kisha jozi hizo mbili aziunge sambamba. Atapata fungu moja la volti 24. Kabla ya kuunga jozi hizo, azijaze zote kabisa na kupima kila jozi kwa mita. Tofauti iwe ndogo sana, sehemu moja au mbili katika kumi za volti. Lakini asichanganye betri mpya na kuukuu. Ile iliyochoka itawavuta wenzake chini, na fedha ya betri mpya itapotea.

Njia ya pili ni kutenganisha. Kila fungu liwe na sahani yake ya jua, regulateri yake na kazi yake. Volti 12 iwashe taa na kulisha simu. Volti 24 ilishe konvertiseri, ile itoayo umeme wa volti 220 kwa friji. Mafungu hayo yasikutane mahali popote. Kwa jamaa nyingi njia hii ndiyo rahisi kuliko zote, tena ina faida moja: fungu moja likiharibika, nyumba haibaki gizani.

Njia ya tatu ni daraja. Kuna chombo kidogo kinachopokea volti 24 na kutoa volti 12, na kuna kingine kinachofanya kinyume chake. Hicho ndicho Kolwezi ndogo ya nyumbani. Kikitoa ampea 10 kwa volti 12, yaani wati 120, huchukua ampea 5 na nusu hivi kwenye fungu la volti 24. Tofauti ndogo iliyobaki hupotea kama joto. Tena huzichukua kutoka betri zote mbili sawasawa, hata moja isionewe. Dereva wa Kasumbalesa akikinunua ataziokoa betri zake. Asitumie transfoma ya kawaida, maana transfoma hufanya kazi kwa umeme unaogeuka mwelekeo, nao wa betri haugeuki.

Njia yoyote mtu atakayochagua, ashike masharti haya:

1. Kila fungu liwe na fyuzi yake kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Fyuzi isizibwe kwa msumari wala kwa kipande cha waya.

2. Waya uwe mnene kupatana na ampea zake.

3. Betri za asidi zikae mahali penye hewa, mbali na jiko, mbali na kitanda, mbali na mikono ya watoto.

4. Kabla ya kuunga kitu chochote, pima kwa mita. Usiliamini jina lililoandikwa ubavuni mwa betri tu.

5. Asidi ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi safi, dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe mafuta.

6. Betri iliyokufa isipasuliwe wala risasi yake isiyeyushwe uani. Vumbi na moshi wa risasi huharibu ubongo wa watoto, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwao.

Maswali ya wanafunzi

«Mwalimu, betri zangu zote mbili zimeandikwa volti 12, moja ya asidi na moja ya lithiamu. Naweza kuziunga?» Hapana, mwanangu, usiziunge hivihivi. Betri ya lithiamu inayotumika sana nyumbani, ile yenye chuma na fosfati, ina vyumba vinne vya volti 3.2, jumla 12.8. Lakini ikiwa imejaa hukaa kwenye volti 13.3 hivi, na ya asidi kwenye 12.7. Lithiamu itaendelea kuimiminia ya asidi, na chaji inayoifaa moja haiifai nyingine. Jina ni moja, tabia ni mbili.

«Mwalimu, ukubwa wa akiba nitaujuaje?» Andika kila chombo na saa zake. Taa tatu za wati 5 kwa saa 6 ni wati-saa 90. Fanya hivyo kwa kila kitu, ujumlishe. Kisha ukumbuke kwamba betri ya asidi yapenda kutumiwa nusu tu ya akiba yake. Ukiimaliza yote kila usiku haitadumu. Tena ukumbuke kwamba mwezi wa Januari, mawingu ya masika yanapofunika Katanga, sahani ya jua hutoa pungufu kuliko mwezi wa Julai.

«Mwalimu, kama fundi asema yeye amezoea kuziunga bila daraja?» Mwombe kwa heshima aweke mita kati ya fungu na fungu, asome tofauti ya volti mbele yenu. Fundi mwenye elimu atafurahi kuulizwa. Asiyetaka kupima, msimkabidhi nyumba yenu.

Neno kwa wazazi

Betri moja nzuri yaweza kula akiba ya miezi mingi ya jamaa. Kabla ya kununua, baba na mama wakae pamoja, waandike mahitaji yao, wachague volti moja tangu mwanzo, na wanunue betri zote siku moja kama waweza. Wasipoweza, waweke akiba mpaka waweze. Jamaa nyingi zimepata hasara kwa kununua leo kilicho rahisi, kesho kisichofanana nacho. Haraka haraka haina baraka.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, aliwakumbusha kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, na jicho halifanyi kazi ya mkono. Kila kiungo kina kipimo chake na mahali pake, nao wote huutumikia mwili mmoja. Hata katika nyumba yenye mafungu mawili ya betri ni vivyo hivyo: yote mawili yaitumikie jamaa moja, kila moja kwa kipimo chake. Usiku wa leo, enyi wanafunzi mnaosomea mtihani kwa taa ya betri, chukueni mita na daftari, mpime kila betri iliyo nyumbani, mwandike volti zake, mfuate waya kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkiona mafungu mawili yasiyolingana yameungwa pamoja, msiguse kitu. Mwiteni baba, naye amwite fundi mwenye mita.